Simu Inayoomba Ruhusa Kisii

Lemon Gaba, Juba
3 Novemba 2013

Kwako kaka Elkana,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo nimekwisha kuuzoea. Natumaini wewe, Janet na watoto hamjambo, na kwamba Mama ameacha kupanda ngazi kuchuma maparachichi. Nilipompigia Jumamosi alisema mguu umepona. Nikamsikia mkeo kwa nyuma akisema haujapona. Kati yao nani mkweli?

Mama alishasema kwamba tukitaka kugombana tugombane kwa barua, yeye asisikie. Basi hii ni barua ya ugomvi, ingawa mdogo. Jonah, yule Mganda wa idara yetu ya mizigo hapa uwanja wa ndege, atasafiri hadi Nairobi na ameahidi kuitia kwenye basi la Kisii. "Mimi iko naenda Alhamisi," ameniambia. "Wewe andika, lakini usiandike kitabu."

Kwanza, asante kwa simu. Ofisini kila mtu ameishika. Amer, ambaye tunakaa naye meza moja, ameitumia kupiga picha birika la mama yake. Mama yake ndiye yule anayeuza chai nje ya geti, anayenipa kikombe cha pili bure kwa sababu anasema wembamba wangu unamtia aibu.

Sasa ugomvi wenyewe. Kila nikitaka kuweka apu, simu inaniambia nisubiri, imeomba ruhusa. Inaomba kwa nani? Kwako, Kisii. Nina miaka thelathini na minne, natia sahihi shehena ya ndege nzima, lakini kitabu cha nyimbo lazima wewe ukubali. Hicho ulikikubali. Kamusi ya Kiarabu ukaikataa. Ulidhani nitakutukana nayo?

Hayo nimeyavumilia. Ninayotaka hasa ni apu moja inaitwa Posta. Imetengenezwa na Cirillo, fundi wa simu pale Hai Jalaba. Huku mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Kwa Posta unarekodi sauti yako, unaandika ni ya nani, basi. Ukipita karibu na simu nyingine yenye Posta, sauti inarukia huko, kisha kwingine, mpaka imfikie mwenyewe, na wanaoibeba njiani hawawezi kuifungua. Wenye maduka wote wa Hai Jalaba wanaitumia.

Cirillo alijaribu kuiingiza kwenye duka kubwa la apu la kampuni. Fomu ikamwuliza nchi yake. Akatafuta kwenye orodha, hakuna. Akachagua Sudan kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, mlango ukafungwa papo hapo kwa sababu ya vikwazo vya biashara. "Tulipiga kura, tukapata bendera, kalas, basi," aliniambia huku akicheka, "lakini kwa hiyo duka sisi bado hatujazaliwa." Kwa hiyo watu wanarushiana tu, simu kwa simu. Yangu imekataa. Haipokei chochote kisichotoka dukani, na swichi ya kuiruhusu inadai namba ya siri. Cirillo aliipindua, akaibonyeza, akanirudishia. "Dada, ndani ya hii simu kuna mtu anakaa. Mwambie afungue."

Nilimwambia mtu huyo ni kaka yangu. Nitumie hiyo namba, tafadhali, tuishie hapo.

Wako,
Moraa

*

Kisii
24 Novemba 2013

Dada yangu Moraa,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta, sijui Jonah alikuwa anakula nini. Sisi ni wazima. Mguu wa Mama haujapona, Janet ndiye mkweli, ila usimwambie Mama nimesema. Mahindi tumevuna vizuri. Mtoto wetu wa kwanza amechaguliwa kuimba peke yake kanisani na sasa hatupumziki nyumbani, anafanya mazoezi hata bafuni.

Namba sitatuma. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za Sacco, na wanachama huniletea simu zao zikishaharibika. Mwezi uliopita mwalimu mmoja alirushiwa mchezo na mpwa wake. Alipoamka, picha zake zote zilikuwa zimefungwa na mtu asiyemjua anadai malipo. Alilia mbele yangu, mtu mzima na mvi zake. Duka la kampuni lina kasoro, sikatai, lakini kila kinachoingia kimekaguliwa. Huyo Cirillo amekaguliwa na nani? Sisemi ni mwizi. Nasema hata yeye mwenyewe huenda hajui amefungua nini.

Kamusi niliikataa kwa sababu ilitaka kusoma majina yote ya watu kwenye simu yako. Kamusi inataka majina ya watu ya nini?

Wewe uko mbali, dada. Kuna mambo machache ninayoweza kukufanyia nikiwa hapa. Hili ni mojawapo, niachie.

Kaka yako,
Elkana

*

Lemon Gaba, Juba
9 Januari 2014

Kaka Elkana,

Habari za mwaka mpya kwenu nyote. Nafurahi kwamba Jumamosi laini ilikubali nikamsikia Mama, ingawa alilia muda wote. Mwambie mimi ni mzima kweli. Vita vilipoanza Desemba, mtaani kwetu risasi zilisikika kwa siku kadhaa, halafu zikahamia mbali. Sasa soko limefunguka, kafyu ipo, na tumerudi kazini. Uwanja wa ndege haujawahi kuwa na kazi nyingi hivi. Kila mtu anaondoka.

Najua utauliza kwa nini sikupanda ndege iliyowachukua Wakenya. Nilikuwa na sababu, na ninayo bado. Sitaiandika. Barua hii itashikwa na mikono mingi kabla ya yako.

Huku bei ya mboga imepanda mara mbili, na mimi siku hizi nakula sana.

Nikuambie kuhusu Posta, kwa sababu sasa si mchezo tena. Karibu na uwanja wa ndege ipo kambi ya Umoja wa Mataifa, na ndani yake wamekimbilia watu maelfu ambao lugha ya mama zao imekuwa hatari mdomoni. Wao hawawezi kutoka. Jamaa zao waliobaki nje hawawezi kuwafuata. Simu za wengi ziliporwa, na mtandao ukirudi asubuhi unaondoka kabla ya chakula. Kuna mwanamke huingia kambini na bamia na kutoka na kikapu kitupu. Kwenye sidiria yake ana simu ya Cirillo. Anapita tu katikati ya watu, anauza bamia, na sauti zinaingia na kutoka naye. Nimemwona mtu akiisikia sauti ya mama yake baada ya wiki tatu za kudhani amekufa. Alikaa chini sakafuni, akaisikiliza tena tangu mwanzo.

Ninaihitaji Posta kwenye simu yangu. Mimi napita karibu na uzio wa kambi mara mbili kila siku. Naomba namba mara ya pili, na safari hii naomba hasa.

Dada yako,
Moraa

*

Kisii
2 Februari 2014

Moraa,

Tunamshukuru Mungu kwa barua yako. Niliisoma kwa sauti mbele ya Mama, nikiruka baadhi ya maneno. Mama anakula vizuri. Janet amejifungua salama mtoto wa kike, siku ya Jumanne. Tumempa jina lako. Nilitaka kulisema kwa simu ila laini ilikatika, kisha nikaona aibu, sijui kwa nini.

Rudi nyumbani. Nakuandikia hivyo bila mapambo. Kazi utapata, na kama hutapata tutakula ninachopata mimi.

Umesema unakula sana. Wewe, ambaye tangu utoto sahani yako ilimalizwa na mbwa? Na huna neno hata moja kuhusu Amer, ambaye zamani barua haikuisha bila yeye na chai ya mama yake. Kama kuna mwanamume nyumbani kwako, sema. Sitapiga kelele.

Kuhusu namba, jibu ni lilelile, na sasa nina sababu zaidi. Nchi imewaka moto, nawe unataka kubeba simuni maneno ya watu usiowajua na usiyoweza kuyasikia. Askari akiikamata utamwambia nini?

Nitakueleza jambo ambalo sikukueleza nilipokutumia hiyo simu. Ninayo ramani kwenye kompyuta yangu, na kwenye ramani kuna nukta, na nukta hiyo ni wewe. Kila usiku naiona iko Lemon Gaba, ndipo nalala. Usiku ule wa Desemba ilipopotea nilikaa kitandani nimevaa viatu. Nikikupa namba, huyo fundi ataona ramani na ataizima, kwa nia njema au mbaya. Siwezi.

Kaka yako,
Elkana

*

Juba
23 Februari 2014

Kaka,

Hongera kwa mtoto. Nimelia kidogo kwa jina. Mbusuni mguuni kwa niaba yangu.

Mwanamume hayupo. Usiniulize habari za watu kwa barua, nakuomba.

Kwa hiyo tangu Oktoba umekuwa ukinitazama. Nikienda sokoni, nikienda kanisani, siku nilizoumwa tumbo nikakaa chooni. Ungeniuliza ningekuambia. Ungeniambia unataka kuangalia, labda ningekubali, kwa ajili ya viatu vyako hivyo vya usiku. Hukuniuliza. Ulinipa zawadi, nikakushukuru mbele za watu.

Nimeumia, Elkana. Sitaomba namba tena.

Moraa

*

Adjumani, Uganda
30 Machi 2014

Dada yangu mpendwa Moraa,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo hukutarajia niwe. Mimi ni mzima, nimechoka, nimekunywa maji ambayo tumbo halijayakubali. Kisii walikuwa wazima nilipoondoka. Moraa mdogo anaongezeka uzito. Naandika nimekaa kwenye gunia la maharage, Jonah wenu wa mizigo yuko hapa na lori la kurudi Juba, na ameniambia nisiandike kitabu. Lazima niandike.

Wiki mbili zilizopita laini yako haikupatikana kabisa. Nikafungua ramani. Nukta haikuwa Lemon Gaba. Ilikuwa barabarani, inashuka kusini. Ikafika Nimule. Ikavuka mpaka. Moraa, nilipiga kelele Sacco nzima ikasimama. Nilikwenda nyumbani mbio nikamwambia Mama unarudi. Alianika godoro lako siku hiyohiyo. Alimchagua jogoo. Mguu ule ule, akapanda ngazi kukuchumia maparachichi, na hakuna aliyemzuia.

Nukta ikaingia Adjumani, ikasimama. Siku moja, siku mbili. Kisha simu yangu ikalia: Moraa anaomba ruhusa kuweka Posta. Nilikuwa nakula. Nikabonyeza Kataa nikaendelea kula. Ikaomba tena jioni. Nikakataa. Kesho yake ikaomba tena, nikakasirika, nikasema dada yangu hata akiwa safarini ni mbishi, nikakataa. Niliona ukiwa na nguvu za kuniudhi basi huumwi. Lakini ulipozidi kukaa pale bila kupiga simu, nikaingiwa na hofu, nikapanda basi kukufuata.

Nukta ilinileta mpaka kwenye hema la wanawake waliofika karibuni. Niliuliza, nikaonyesha picha yako, hakuna aliyekujua. Basi nikaiamuru simu yako ilie. Ililia kwenye mkeka, ndani ya shuka, mita chache kutoka nilipokuwa. Nikaita, "Moraa!" Akageuka mwanamke nisiyemjua.

Sitasahau uso ule. Aliikandamiza simu chini ya goti inyamaze, akamvuta mtoto wake nyuma yake, akawa ananitazama hivyo. Alidhani mimi ni mmoja wa wale waliokuwa wakiwasaka Juba. Mwanaume mgeni, ametoka nchi nyingine, amemfuata kwa simu aliyoibeba yeye mwenyewe mpaka hemani. Na kweli ndivyo nilivyofanya, dada. Kila nilichotaka kusema ili kumtuliza kilikuwa kinazidi kumtisha. "Nilikuona kwenye ramani." Ningemwambiaje hivyo?

Nilirudi nyuma, nikakaa chini kwenye vumbi, nikasema jina langu, na la Mama, na kwamba dada yangu ana tabia ya kuacha nusu ya chakula. Ndipo akasema, kwa Kiswahili cha shule za kambi ya wakimbizi ya Kakuma, "Wewe ndio ule bro wa Kisii? Ule wa kukataa?"

Ni Amer. Amenieleza yote. Kwamba alikaa chumbani kwako tangu usiku ule wa Desemba, yeye na mtoto, na wewe ukienda kazini unafunga kufuli kwa nje ili ionekane hakuna mtu. Kwamba ndio waliokuwa wakila zile mboga. Kwamba mama yake yuko kambini na alikataa kabisa kuondoka bila kusikia kwanza kwamba wao wamevuka. Na mimi nilikuuliza habari za mwanamume.

Amesema ulimpa simu hii nzuri ukabaki na ya Kichina, kwa sababu ya Kichina inakubali Posta na kazi ya kubeba sauti kwenye uzio haikuweza kusimama. Amesema binamu ya Cirillo huko Kampala ameisajili Posta kwa anwani yake, na sasa duka la kampuni limeikubali bila neno. Ni apu ileile, Moraa. Hakuna herufi iliyobadilika ila jina la nchi. Na mimi nilikuwa nakuambia duka linakagua.

Sauti za mama yake ziko kwenye memori kadi uliyomfungia kwenye upindo wa shuka. Hazifunguki bila Posta. Alikuwa amekaa nazo siku zote hizo, anaomba ruhusa, nami nakula ugali.

Nilikubali hapohapo, nikiwa mbele yake. Ikashuka polepole, mtandao wa hapa si mzuri. Alipobonyeza, ikatoka sauti ya mwanamke mzee, inaongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Sikuelewa neno hata moja. Amer alijifunika uso kwa shuka. Halafu akacheka huku uso bado umefunikwa. Nilipomwuliza mama anasema nini, alisema, "Anauliza kama nimekula. Na kama ule Mkenya mwembamba anakula."

Nimeiondoa simu hiyo kwenye akaunti yangu. Namba ya siri nimeifuta, kila swichi nimeiacha wazi, na nimemwonyesha Amer mwenyewe namna ya kuzifunga akitaka. Nimemwambia asipokee kila anachorushiwa. Hilo bado nalisema, na nitalisema mpaka nife. Amesema ameelewa, na kwamba atachagua mwenyewe.

Nilimpigia Mama. Aliuliza huyo mwanamke ana watoto wangapi.

Nilikosa, dada. Niliogopa, na badala ya kukuambia naogopa nikakufunga. Nisamehe.

Kwenye ramani sasa hakuna kitu. Sijui uko wapi wala hali yako, na laini yako bado haipatikani. Nakuuliza, na ujibu ukitaka tu. Uko wapi? Unaogopa?

Kaka yako,
Elkana

*

Juba
13 Aprili 2014

Kaka yangu Elkana,

Nimeipata barua yako kwa mkono wa Jonah, aliyelalamika kwamba ni kitabu. Mpe Mama salamu, umwambie naomba radhi kwa jogoo na godoro. Mbusu wajina wangu mdogo. Mwambie Janet maziwa yakipungua anywe uji wa wimbi, ingawa najua Mama alishamwambia.

Nami nina langu la kuombea msamaha. Nilijua utaiona nukta ikivuka mpaka, na nilijua utadhani ni mimi. Niliwaza kwamba ukishaamini niko Uganda utafurahi mpaka ukubali chochote nitakachoomba, hata Posta. Sikuweza kukuambia kabla Amer hajafika, kwa hiyo nilikuacha uamini. Sikufikiri kuhusu Mama na ngazi. Hilo linanikosesha usingizi.

Mama yake Amer amesikia kwamba wamevuka. Sauti ya Amer ilikuja na lori la Jonah, nikapita nayo mimi mwenyewe kando ya uzio, asubuhi, nikiwa na simu ya Kichina. Sikumwona. Jioni nilipopita tena, jibu lilikuwa limesharukia kwangu. Siwezi kulifungua kwa kuwa si langu, nalo lipo kwenye lori la Jonah pamoja na barua hii. Cirillo anataka kujua kama ulichunguza apu yake. Nimemwambia umeichunguza ukalia.

Umeniuliza, nami nakujibu. Niko Lemon Gaba, chumba kilekile. Sasa ni kikubwa mno. Nimekonda, siku hizi napika kidogo na bado kinabaki. Nitakaa mpaka yule mama atoke kambini, halafu nitakuja, na siku nikianza safari nitakuandikia mimi kabla hujaambiwa na mtu mwingine.

Ndiyo, naogopa. Kila jioni nikifunga mlango naogopa. Tangu Desemba nilikuwa nangoja uniulize.

Dada yako,
Moraa